Mtoro Ni Shahidi

Kumezuka kauli tamu miongoni mwa washairi wetu: kwamba wema na ubaya ni mtazamo tu, kila zama na maadili yake, na kwamba si haki kuwahukumu wazee wa kale kwa mizani ya leo. Kauli hii huletwa zaidi utumwa wa Unguja unapotajwa. Naipinga.

Tuanze na sheria. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza. Kuwasafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku, kuwamiliki kukaachwa. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria, lakini masuria wakabakishwa hadi 1909. Basi watujibu: aliyemmiliki suria mwaka 1908 alikuwa mwema, na mwaka uliofuata akawa mwovu, ilhali mwanamke ni yule yule na mlango aliofungiwa ni ule ule?

Watasema watu wa zama zile hawakuona ubaya. Watu gani? Kwani mtumwa hakuwa mtu wa zama zile? Lugha yetu imehifadhi ushahidi wake. Leo mwalimu humwita "mtoro" mwanafunzi anayekwepa darasa. Zamani neno hilo lilimtaja pia mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Waliotoroka hawakuingoja karne yetu ije iwafundishe dhulma ni nini. Anayesema "maadili ya zama zile" amewahesabu mabwana peke yao, kisha akaiita hesabu hiyo zama nzima.

Pengine mtu atadai kuwa mtoro aliyachukia mateso yake tu, na chuki si hoja. Lakini bwana naye alijua. Hali ya kutomilikiwa aliiita uungwana, akawatunzia wanawe kama mboni ya jicho. Ajuaye thamani ya kitu hawezi kusema hakuijua hasara ya aliyenyang'anywa.

Wala mizani hii si ya Mwingereza. Amri ya 1897 iliwawekea fidia mabwana, si waliotumikishwa. Naye twampima, na anapunguka. Mizani inayowapima Sultani na Mwingereza pamoja haiwezi kuwa mali ya mmoja wao.

Vina na bahari za shairi kila mtu ana hiari yake. Utu wa mwenzako hauna hiari hiyo. Atakayetunga juu ya Mkunazini, amwite mtoro kwanza atoe ushahidi wake. Akishamsikiliza, ndipo awatetee mabwana kama bado ana la kusema.