Mwenye mashine ya mpunga asiuziwe kasi asiyoihitaji

KILA mavuno yanapofika bonde la Kilombero, mashine za kukoboa mpunga mjini Ifakara na vijiji vya jirani huunguruma tangu asubuhi hadi usiku. Malalamiko ya wakati huo ni mawili: chenga zimezidi kwenye mchele, na LUKU inaisha upesi. Wauzaji wa vifaa nao wana jibu moja kwa yote mawili: dhibiti kasi ya mota kwa inveta. (Si ile ya sola; hii hubadilisha hezi za umeme unaoingia kwenye mota.)

Tunawaomba wenye mashine wasikimbilie kutoa fedha.

Kasi ya mota ya kawaida ya fezi tatu hutokana na umeme wenyewe. Kwa hezi 50, mota ya poli nne huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika ikiwa na mzigo. Wapo wanaoshusha volti wakidhani wanapunguza kasi. Mota iliyobebeshwa mzigo ule ule kwa volti pungufu huvuta ampea nyingi, hupata moto na hatimaye huungua. Wengine hudhani stata ya nyota-delta hudhibiti kasi, kumbe kazi yake ni kupunguza mshtuko wa umeme wakati wa kuwasha tu.

Kinu cha kukoboa hutaka kasi moja, ile aliyoiandika mtengenezaji. Hapo puli na mkanda vinatosha. Puli ya sentimeta 10 kwenye mota na ya sentimeta 20 kwenye kinu hukipa kinu mizunguko kama 720, na puli huchongwa na fundi chuma. Inveta haitapunguza sana umeme wa kukoboa gunia, kwa kuwa kazi ni ile ile. Tena chenga nyingi hazisababishwi na mota, bali na mpunga ulioanikwa kwa pupa kwenye jua kali hadi punje zikapasuka.

Inveta ina faida ya kweli kwenye feni na pampu. Feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya kasi yake hutumia takriban nusu ya nguvu. Mkulima anayebana valvu ya pampu ili maji yapungue analipia umeme unaopotea bure. Huyo ndiye wa kuishauri inveta. Lakini ajue kuwa vumbi la pumba na joto huiua mapema, na mota ikienda polepole mno feni yake yenyewe haiipozi.

SIDO na VETA wangefanya jambo la maana kuwafundisha mafundi wa Ifakara tofauti hizi kabla ya mavuno yajayo. Kwa sasa, mwenye kinu ambaye mzigo wake haubadiliki anunue puli sahihi, mkanda mpya na kifaa cha kukata umeme mota inapozidiwa.