Futi Elfu Kumi Zihesabiwe Kutoka Wapi?

Ndege iondokapo Dodoma kuelekea Dar es Salaam, abiria wengi hudhani kwamba sehemu ngumu ya kazi ya rubani imekwisha mara magurudumu yanapoiacha lami. Kwa kweli ndipo inapoanza. Katika dakika chache zinazofuata marubani wawili huyakunja magurudumu, huvirudisha vibawa mahali pake, hubadili masafa ya redio, hupokea kutoka kwa mwongoza ndege kimo wanachoruhusiwa kufikia, na kukiweka kimo hicho katika chombo. Zinapobaki futi elfu moja, mmoja hupaswa kumtajia mwenzake kwa sauti. Swali la mhudumu kuhusu chai likiingia katikati ya shughuli hizo, laweza kuifuta hatua moja katika kumbukumbu, na ndege ikapita kimo ilichopangiwa na kuingia katika njia ya nyingine.

Chombo kinachowaonyesha marubani kimo ni altimita, na altimita ya kawaida si kitu kingine ila barometa iliyoandikwa futi badala ya kanieneo. Mwanafunzi wa Dodoma akiisoma barometa ya maabara ya shule yake ataona takribani hektopaskali 886, ilhali kiwango sanifu cha usawa wa bahari ni 1013. Tofauti hiyo ni uzito wa hewa iliyo chini yetu, kwa kuwa Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu ya bahari. Karibu na usawa wa bahari kanieneo hupungua hektopaskali moja kwa kila mita 8 hivi za kupanda, yaani futi 27. Mwongoza ndege akitaja 1008, na rubani aliyekatizwa akaweka 1018, altimita itamwambia kwamba yuko juu kwa futi 270 zaidi ya ukweli. Chombo ni kizima kabisa. Kosa li katika mkono uliokizungusha.

Mwaka 1974 ulitoa mafunzo matatu juu ya jambo hili, na mawili yalitokea jirani kwetu. Mwezi Septemba, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kwenda uwanja wa Embakasi, Nairobi, ambao sasa huitwa Jomo Kenyatta. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000. Uwanja wenyewe uko futi zipatazo 5,300 juu ya bahari. Maana yake ni kwamba watu wenye ujuzi mkubwa walikubali kwenda kwenye kimo kilicho chini ya ardhi, wala hakuna aliyeshtuka kwa kuisikia namba hiyo. Walipotoka mawinguni waliiona nchi imewakaribia, wakainyanyua ndege ikiwa imebakiza futi 70 hivi. Mwezi huo huo, tarehe 11, ndege ya Eastern Air Lines ilianguka ikikaribia Charlotte, Marekani, na watu zaidi ya 70 wakafa. Marubani walikuwa wakizungumza siasa na magari ya mitumba, wakaacha kutajiana vimo. Tarehe 20 Novemba, Boeing 747 ya Lufthansa iliruka kutoka Embakasi na watu 157, vibawa vya ukingo wa mbele vikiwa havijafunguka kwa sababu hatua moja ya maandalizi ilirukwa. Ilipanda kidogo tu, ikaanguka. Walikufa watu 59. Katika hewa nyepesi ya nyanda za juu, ndege iliyokosa vibawa hivyo haina akiba ya kuiokoa.

Ajali ya Charlotte, pamoja na nyingine zilizofanana nayo, ndiyo iliyozaa kanuni ambayo Marekani iliitunga mwaka 1981: ndege ikiwa inatambaa ardhini, inaruka, inatua, au iko chini ya futi 10,000 bila kuwa katika safari ya kimo kimoja, hakuna ruhusa ya mazungumzo wala kazi isiyohusu usalama katika chumba cha rubani. Kanuni ni njema, na mashirika mengi duniani yameifuata. Lakini futi hizo elfu kumi, kwa kawaida, huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Kwa rubani aondokaye Dar es Salaam hesabu hiyo haina dosari, kwani uwanja wake uko karibu na bahari, naye hupata kimya kizima. Kwa aondokaye Dodoma, futi zipatazo 3,670 zimekwisha kuliwa na ardhi kabla ndege haijawashwa. Hubaki 6,330. Ndege inayopanda futi 2,000 kwa dakika itakuwa na dakika 5 za kimya Dar es Salaam, na tatu na kitu hapa. Nairobi hubaki chini ya futi 4,700. Na huko La Paz, Bolivia, ambako uwanja wa El Alto uko futi zipatazo 13,300, ndege huwa imekwisha vuka kikomo hicho ikiwa bado imeegeshwa!

Hapa ndipo penye kasoro. Mambo yanayomshughulisha rubani baada ya kuruka hayaanzii baharini. Ndege wa porini, vilima vya matale vinavyouzunguka mji, joto la mchana la Septemba na Oktoba linaloinua chamchela za vumbi na kuitikisa ndege, vyote huanzia ardhini na kupanda pamoja na ardhi. Kusini-mashariki, kwenye njia ya kwenda pwani, iko milima ya Rubeho na Ukaguru, ambayo vilele vyake huzidi mita 2,000. Orodha ya kazi za rubani nayo haifupishwi kwa sababu uwanja uko juu.

Mtu aweza kujibu kwamba hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane, joto likiwa sawa, hivyo ndege hupanda polepole na dakika zilizopotea hurudi. Ni kweli, hurudi kidogo. Lakini hurudi kwa sababu injini imechoka, jambo ambalo lenyewe ladai uangalifu zaidi. Mwingine atasema kwamba anga la Dodoma halina msongamano. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu wakati mji ulipokuwa makao makuu kwa uamuzi wa 1973 tu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016 safari zimeongezeka, na uwanja mpya wa Msalato umepangwa kupokea ndege kubwa zaidi.

Marekebisho hayahitaji chombo kipya wala fedha. Mwongozo wa usalama wa anga wa Ulaya huhesabu futi 10,000 juu ya kiwanja ambacho ndege imetoka au inakokwenda. Shirika lolote lirukalo Dodoma, Tabora au Iringa laweza kuandika maneno hayo hayo katika kitabu chake cha taratibu, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga yaweza kuyadai. Kutoka Dodoma kimya kingedumu hadi altimita isome takribani futi 13,700. Ndege ndogo zisizofika huko zingefunguliwa mdomo zikishasawazika katika kimo chao cha safari, kama mwongozo huo unavyoruhusu, na chai ingechelewa kwa dakika mbili.