Vita vya mezani navyo vyataka karani

Jumapili moja wakati wa likizo ya Agosti nilikuwa jikoni nachagua mchele niliposikia kiti kikianguka sebuleni na mlango ukibamizwa. Kufika huko nikawakuta watoto wanne wamekodoa macho, dadu zimetapakaa mezani, na wa tano hayupo. Huyo wa tano ni kijana wa jirani, wa miaka 12, mdogo kuliko wote. Haikupita muda simu ikalia. "Dada, mtoto wangu amerudi analia, ati ameuawa huko kwako. Kuna nini?"

Aliyeuawa, nilimweleza mamake, alikuwa mhusika wake katika mchezo. Wazazi ambao hawajauona mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, wajue ya kwamba hauna mshindi kama drafti. Mmoja huwa msimulizi, naye hueleza pango, msitu au mji. Wengine kila mmoja hushika mhusika mmoja na kusema anafanya nini. Palipo na shaka, dadu ya pande 20 huamua. Nyanya yao aliposikia neno "mchawi" likitajwa mezani alitaka kuita mchungaji, lakini alipochungulia akaona ni hesabu tu za kujumlisha na kutoa, akarudi kwenye chai yake.

Msimulizi siku hiyo alikuwa binti yangu wa miaka 16. Nilimketisha, nikawaomba wenzake wabaki, tukalipitia pambano hilo tangu mwanzo kana kwamba ni kesi.

Wahusika wanne walikuwa wamevamiwa na mazimwi sita. Kijana wa jirani alikuwa na mlinzi mwenye alama 12 za uhai. Akapigwa mara moja akapoteza 5, kisha akapigwa tena akapoteza 4. Hata mtoto wa darasa la pili atakwambia zimebaki 3. Lakini nyuma ya daftari la binti yangu palikuwa na 5, chini yake 5 nyingine, kisha 4. Aliandika pigo la kwanza, akakatizwa na mtu aliyeuliza swali, akarudi akaliandika tena. Mlinzi akaanguka.

Kuanguka si kufa. Kwa kanuni za toleo la 2014 wanalolitumia, aliyefikia sifuri huzimia, na kila zamu yake inapofika hurusha dadu. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Akishindwa mara tatu kabla hajafaulu mara tatu, amekufa. Kijana akapata 6. Zamu iliyofuata akapata 1, na kwa bahati mbaya 1 huhesabiwa kuwa kushindwa mara mbili.

Na yule mganga je? Katika kundi hilo kuna msichana mpole, wa kuongea kwa nadra, ambaye mhusika wake ni mganga. Zamu yake ilikuwa kabla ya ya kijana huyo. Tiba yake, hata ya alama moja tu, ingemzindua mlinzi pale pale. Lakini mpangilio wa zamu ulikuwa kichwani mwa binti yangu, haukuandikwa popote, na vijana wawili wenye sauti kubwa walikuwa wakipiga kelele kuhusu zimwi linalotoroka. Msichana yule alirukwa mizunguko miwili. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani kuna kanuni asiyoijua.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuuchukulia uandishi wa vita hivi kwa uzito.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi mzigo huu ulivyoingia. Mwaka wa 1971 Gary Gygax na Jeff Perren wa Marekani walichapisha Chainmail, kanuni za vita vya vijisanamu mezani. Humo askari wa kawaida akipatikana barabara, kwisha. Unamwondoa, kwani unacho kikosi kizima. Lakini Dave Arneson, wa upande wa Minnesota, alipowapa wenzake mhusika mmoja mmoja wa kumlea juma baada ya juma, waliona uchungu kumpoteza kwa dadu moja. Arneson alieleza baadaye kwamba aliazima dawa kutoka kwa kanuni za vita vya meli, maana meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Mwaka wa 1974 yeye na Gygax walipoutoa mchezo wao katika vijitabu vitatu, kila mhusika alikuwa kama meli: ana hesabu ya uhai, na lazima pawe na mtu wa kuishika hesabu hiyo.

Zamu nazo zilizidi kutatanisha. Katika toleo la 1981 la wanaoanza, kila upande ulirusha dadu ya pande sita. Walioshinda wakatenda wote, kisha wale wengine. Tangu toleo la 2000, kila mhusika hurusha dadu yake mwanzoni mwa pambano, na mpangilio huo huzunguka mpaka mwisho. Ni haki zaidi kwa kila mmoja, lakini sasa kuna majina manane au kumi ya kukumbuka, na mpole ndiye wa kwanza kusahaulika.

Tulichofanya nyumbani hakikugharimu hata shilingi. Tulichukua kipande cha katoni, tukakisimamisha mbele ya msimulizi, na kila jina likaandikwa kwenye kibanio cha nguo. Dadu zikisharushwa, vibanio hupangwa kutoka namba kubwa hadi ndogo, kila mtu aone. Akitokea adui mpya, kibanio chake huchomekwa panapofaa bila kufutafuta. Mazimwi yakawa vizibo vya soda vyenye namba, kwa sababu "lile lililojeruhiwa" limewahi kuzua ugomvi usiopungua mmoja kila Jumapili.

Jambo lililosaidia kuliko yote ni dogo mno. Waliacha kutoa, wakaanza kujumlisha. Badala ya kuanzia 12 na kushuka, huandika jeraha na kupanda: 5, kisha 9. Kujumlisha hakukosewi upesi kama kutoa, tena karani hutamka jumla kwa sauti na mwenye mhusika huitikia. Pigo likiandikwa mara mbili, mwenyewe hulisikia. Mambo ya muda pia huandikwa. Mzunguko mmoja ni sekunde sita, kwa hivyo uganga wa dakika moja hudumu mizunguko kumi, nao huhesabiwa kwa punje za mahindi, moja ikiondolewa kila mzunguko.

Ziko programu za simu zinazofanya haya yote. Sizikatazi, ila kwetu simu ikishawekwa mezani, ujumbe mmoja tu ukiingia, vita vimekwisha.

Kazi ya ukarani alipewa yule msichana mpole. Msimulizi ana mengi ya kufikiri, na hakuna kanuni inayosema lazima aandike yeye. Karani hutaja mwenye zamu, kisha hutaja anayefuata ajiandae. Sauti yake siku ya kwanza ilikuwa ya kunong'ona. Sasa huwanyamazisha wale wawili kwa kugonga meza na kalamu.

Kuhusu marehemu, vijana walibishana. Mmoja akasema maji yakimwagika hayazoleki. Binti yangu akasema yeye ndiye aliyeyamwaga, akachukua daftari lake akaenda kwa jirani, akamsomea kijana mstari kwa mstari mbele ya mamake, akimwonyesha ile 5 ya pili. Kijana alisikiliza, akasema ana kazi ya shule. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye.

Jumapili ya tatu alibisha hodi akiwa na mfuko wa vizibo, vyote amevitia namba mwenyewe kwa kalamu nyekundu, 1 hadi 30. Hakumwangalia mtu. Pambano likarudishwa palipoharibika, na karani akapanga vibanio.

"Zamu yako," akamwambia. "Umeumia 9 kati ya 12."

Akaomba alione daftari. Akapitisha kidole kwenye namba, midomo ikichezacheza, akalirudisha, kisha akachukua dadu.