Krismasi Huanzia Agosti

Si jambo geni, inapofika wiki ya pili ya Januari, kuwasikia watumishi wa serikali na walimu wa Handeni na Korogwe wakinong'onezana maofisini juu ya ukali wa mwezi. Huyu anatafuta wa kumkopesha nauli, yule amekwishachukua unga dukani kwa daftari, na mwingine amerudi kutoka likizo akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Lawama zote hutupiwa Januari. Lakini Januari ni mwezi wa siku 31 kama Desemba iliyoutangulia, na chanzo cha dhiki yake hakina budi kutafutwa nyuma zaidi.

Serikali imekuwa na desturi nzuri ya kulipa mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu, ili mtumishi asherehekee na jamaa zake. Wema huo una upande wa pili ambao wengi hawautazami. Mshahara unaopokelewa kabla ya Krismasi ndio utakaoilisha nyumba mpaka siku za mwisho za Januari, yaani majuma matano au zaidi. Katikati ya majuma hayo umo mchele wa sikukuu, zimo nguo za watoto, zimo nauli, na mwishowe shule zinafunguliwa. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, na ni jambo la kushukuriwa sana. Hata hivyo sare, viatu na madaftari hununuliwa na mzazi. Na mtoto aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni huhitaji godoro na sanduku. Haya si mambo ya ghafla. Majibu ya mtihani wa darasa la saba hutoka wiki kadhaa kabla ya Krismasi, na mzazi anayeyapokea amekwishaarifiwa kwamba Januari itamdai.

Asiyejiandaa huangukia mikononi mwa wakopeshaji ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, na jina hilo limewastahili. Kuna walimu ambao huacha kadi ya benki kwa mkopeshaji pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara mkopeshaji huwa wa kwanza kufika kwenye mashine ya fedha. Upo utaratibu wa kiserikali unaozuia mshahara wa mtumishi kukatwa hadi ukabaki chini ya theluthi moja. Utaratibu huo humkinga na makato yanayopitia kwa mwajiri wake. Haumkingi yule aliyekabidhi kadi kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya mbuzi wa Krismasi.

Katika Handeni na Korogwe lipo jambo jingine linaloongeza uzito, nalo ni kalenda ya shamba. Watumishi wengi wa huku wana ekari mbili tatu za mahindi. Mahindi ya masika huvunwa kuanzia Julai hadi Agosti. Mvua za vuli, ambazo Handeni huja kwa kusuasua na miaka mingine hazifiki kabisa, zikinyesha vizuri bado mavuno yake huwa hayajaingia ghalani Desemba. Kwa hiyo sikukuu huangukia wakati ghala limekwisha kupungua na bei ya debe imepanda. Mtumishi aliyeuza magunia yake yote Agosti, bei ikiwa chini, hujikuta Desemba akinunua mahindi ya namna ile ile kwa mfanyabiashara yule yule. Angeweka gunia moja la chakula na gunia moja la kuuza wakati wa sikukuu, Krismasi yake ingekuwa imelipiwa miezi minne kabla. Vivyo hivyo kwa nyama: mbuzi mdogo anayenunuliwa mnadani Agosti na kuachwa alishe nyuma ya nyumba hana bei ya mbuzi anayetafutwa tarehe 23 Desemba na watu ishirini.

Wazee wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 watasema kwamba wakati ule hakuna aliyehitaji kuhubiriwa mambo haya. Bidhaa zilikuwa adimu. Sukari, mafuta ya kupikia na vitenge vilipatikana kwa foleni, na mke wa mwalimu aliyetaka chai ya Krismasi aliweka akiba ya sukari kidogo kidogo. Baada ya biashara kulegezwa kuanzia 1984 maduka yalijaa, na leo hakuna kinachokosekana sokoni Korogwe isipokuwa fedha ya kukinunulia. Wingi huo wa bidhaa umewalevya wengi, wakadhani kwamba kinachoonekana dukani ni sawa na kilichomo nyumbani.

Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, ambavyo watu huviita vikoba, vimekuwa msaada mkubwa. Vingi huvunjwa Desemba, kila mwanachama akagawiwa akiba yake ya mwaka. Hapa ndipo pa kufanyia marekebisho. Fedha yote inapotoka kwa mkupuo siku chache kabla ya sikukuu, huyeyuka pamoja na sikukuu. Hakuna kinachovizuia vikundi hivi kukubaliana katika kikao cha Septemba kwamba theluthi ya mgao itolewe mwanzoni mwa Desemba na sehemu iliyobaki itolewe kabla ya shule kufunguliwa. Wapo watakaonung'unika kwamba fedha yao inafungiwa. Watanung'unika zaidi Januari.

Lakini mzigo wa sikukuu haupimwi kwa fedha peke yake. Handeni imeteswa na shida ya maji kwa miaka mingi. Mradi mkubwa wa kuyasukuma kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, ulikuja kuchakaa, na mikataba ya maji ya miji 28 iliyotiwa saini 2022 iliihusisha miji yote miwili. Mahali ambapo ndoo bado hubebwa kichwani, baba anayewaalika jamaa kumi walale kwake siku nne amemwongezea mtu fulani safari za kisimani, na mtu huyo kwa kawaida si yeye. Ni haki mama wa nyumba aulizwe kabla ya mwaliko kutolewa, na ni haki vijana waliofunga shule tangu mapema Desemba wajaze mapipa kabla ya wageni kufika. Hata chakula si lazima kitoke jiko moja. Nyumba mbili za jirani zinaweza kuchangia mnyama mmoja. Na katika wilaya hizi, ambako Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, jirani Mwislamu huitwa achinje ili kila mmoja ale bila shaka moyoni. Mpango kama huo huhitaji mazungumzo ya wiki kadhaa, hauwezi kufanywa mkesha wa sikukuu.

Kuhusu safari, anayekaa Korogwe yumo katikati ya njia kuu, na kwa hiyo mabasi ya Moshi na Arusha humfikia yakiwa yamejaa tangu Dar es Salaam. Treni ya abiria ya Moshi iliporudishwa Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, iliwapunguzia wengi adha, lakini nayo ina idadi ya viti. Mwenye kusafiri na akate tiketi Novemba, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Asiyekuwa na fedha ya tiketi zote mbili awapigie simu wazazi mapema, awatumie kiasi kidogo cha sukari na mchele, na awaambie kwamba atakwenda Juni, shule zitakapofungwa, wakati mabasi yana nafasi na mahindi mabichi yako shambani.