Lofoi Iko Mbali Kuliko Ubelgiji

Kila mwaka, shule zinapofungwa mwezi wa saba, nyumba nyingi za Lubumbashi zenye uwezo kidogo huzungumza jambo moja: konje hii, yaani likizo, tuimalizie wapi? Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Livingstone kutazama maporomoko ya Zambezi. Wenye ndugu Ulaya hutaja Ubelgiji, na si ajabu: Kifaransa wanakijua, Matonge ya kule Ixelles ina watu wetu, na historia ndefu inatufunga na nchi ile, kwa heri na kwa shari. Wapo wanaolaani safari hizo. Husema ni aibu Mkatanga kumpelekea mkoloni wa jana akiba yake, ilhali hifadhi za Kundelungu na Upemba ziko hapa hapa. Naona lawama hiyo inamwangukia asiye na kosa. Anayechagua Ubelgiji anachagua nchi inayofikika. Mpaka tukubali kwamba uzuri wa mahali hautoshi kumfikisha mtu huko, tutaendelea kujivunia maporomoko na hifadhi ambazo watoto wetu wenyewe hawajaziona.

Ubelgiji ina kilomita za mraba kama 30,700. Jimbo la Haut-Katanga peke yake linazidi 130,000, zaidi ya mara nne. Kilele kirefu kuliko vyote cha Ubelgiji, Signal de Botrange, kina mita 694, wakati Lubumbashi imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi bila mtu kuiita mji wa mlimani. Pwani yake haifiki kilomita 70, lakini tramu huifuata yote, kutoka De Panne karibu na Ufaransa hadi Knokke karibu na Uholanzi. Reli yake ya kwanza, kati ya Brussels na Mechelen, ilifunguliwa mwaka 1835, na mtandao uliokua baada yake ndio uliofanya nchi ndogo ionekane kubwa: asubuhi mtu yuko ufukweni Oostende, jioni yuko kwenye misitu ya Ardennes, na njiani amesikia Kiholanzi na Kifaransa, na akiendelea mashariki atasikia Kijerumani. Mfano unaosema mengi kuliko yote ni Coo. Maporomoko ya Coo, kwenye mto Amblève, yana mita 15 tu, na hata hizo zilisaidiwa na watawa wa Stavelot waliokata njia ya mto katika karne ya 18. Pale pale pana stesheni ya treni, mikahawa na uwanja wa michezo ya watoto. Watu hufurika.

Maporomoko yetu ya Lofoi hudondoka zaidi ya mita 300 kutoka uwanda wa Kundelungu, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1970, na kwa mstari ulionyooka hapafiki kilomita 200 kutoka Lubumbashi. Kuna ugumu mmoja ambao wanaohubiri utalii wa nyumbani hawautaji. Konje kubwa huangukia kiangazi, wakati maji ya Lofoi yamepungua sana; mvua zinapoyajaza, barabara hugeuka matope na gari dogo halipiti. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu au karani aanze na vya kwao anamtaka akodi gari kubwa, abebe mafuta, chakula na hema, kisha abahatishe, maana hakuna ratiba ya basi wala bei aliyoisoma mahali popote. Ubelgiji ni ghali, lakini gharama yake inajulikana kabla ya kuondoka. Mtu huweza kuwekea akiba jambo ambalo bei yake anaijua.

Jibu la kwanza nitakalopewa ni kwamba Ubelgiji ilitajirika kwa shaba yetu, na tramu na stesheni zake ni jasho la babu zetu. Kuna ukweli mzito ndani ya jibu hilo. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miongo sita faida kubwa ya ardhi hii ilihamia Brussels. Lakini utajiri peke yake hauelezi kila kitu. Spa na Oostende zilikuwa sehemu za wafalme na matajiri. Mfanyakazi wa kawaida wa Ubelgiji hakuwa na likizo ya kulipwa hadi mwaka 1936, pale mgomo mkubwa wa mwezi wa sita ulipozaa sheria ya siku sita za likizo kwa mwaka. Mlango wa bahari ulifunguliwa kwa wachimba makaa kwa sababu walidai, na dola ikaandika. Hapo ndipo ninapoona somo letu. Sisi huzungumza utalii kana kwamba ni mgeni mweupe mwenye kamera atakayeshuka uwanja wa ndege wa Luano na fedha za kigeni. Wabelgiji waliwajengea watu wao desturi ya kutembea nchi yao wenyewe, na desturi hiyo haitegemei mgeni.

Desturi hiyo imefika hata kwenye migodi iliyokufa. Eneo la Wallonia, huko Ubelgiji, lilifunga migodi yake ya makaa mmoja baada ya mwingine. Minne kati ya hiyo, Grand-Hornu, Bois-du-Luc, Bois du Cazier na Blegny, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2012. Bois du Cazier, huko Marcinelle, ndipo moto wa tarehe 8 Agosti 1956 ulipoua wachimbaji 262, wengi wao Waitaliano. Leo familia huenda pale siku ya mapumziko, watoto wakasoma majina ya waliokufa. Sisi nasi tuna wafu wetu wa kazi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Tuna bomba la moshi la kampuni ya Gécamines na kilima chake cheusi, alama ya mji wetu. Tuna makumbusho yenye misalaba ya shaba ya kale, tuna Shilatembo alikouawa Lumumba pamoja na Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961. Wasomi wetu wamefanya sehemu yao: tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, pamoja na profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya kumbukumbu za watu wa komini, na Biennale ya Lubumbashi imekuwepo tangu 2008. Kinachokosekana ni njia ya kuviunganisha vitu hivi viwe siku moja ya kutembea, ambayo mzazi wa komini ya Katuba au ya Kenya anaweza kuwalipia wanawe.

Wengine watasema wanaolala njaa hawahitaji likizo. Sikubali kwamba maskini hana haja ya kupumzika. Kiwanda kilijua zamani kwamba mtu asiyepumzika huvunjika, na barabara ya kufikia Lofoi ndiyo hiyo hiyo ya kutolea mahindi na samaki vijijini. Pingamizi la usalama ni gumu zaidi, na silipuuzi: walinzi wa Upemba wameuawa na makundi yenye silaha, na hakuna mzazi anayepaswa kushawishiwa apeleke watoto mahali ambapo walinzi hawajasema ni salama. Ndiyo maana nasema tuanze na Kundelungu na mji wenyewe. Upemba, pamoja na pundamilia wake wachache waliobaki, ingoje.

Kwa anayekwenda Ubelgiji bado naona hesabu haimpendelei. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 hadi kabla ya 12. Baba, mama na watoto wawili wa umri huo hulipa euro 270 ambazo hazirudi hata wakinyimwa, kabla ya bima na tikiti. Aende anayeweza, na akifika asiishie madukani: apite Tervuren, aone makaburi ya Wakongo saba waliofariki baada ya kuonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya 1897. Lakini fedha ya jimbo ni suala jingine. Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kuanza. Mwezi wa tano mvua zimekwisha, Lofoi bado ina maji, na tarehe 1 ni siku ya mapumziko. Greda lipite mwishoni mwa mwezi wa nne, basi moja imara liondoke Lubumbashi pamoja na mlinzi wa ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi, nauli itangazwe redioni mwezi mzima kabla, na jimbo lihesabu hadharani ni watu wangapi waliopanda.