Kioo Cheusi Si Kifo

Katika chumba chetu cha kompyuta kuna neno moja ambalo limezoeleka mno: "Imekufa." Mashine huwashwa asubuhi, maandishi hupita upesi, kisha pale tutazamiapo kuona majina yetu na kisanduku cha neno la siri, kioo hubaki cheusi. Mara hutokea mwenye kushauri kwamba diski ifutwe yote na mfumo uwekwe upya. Kwa maoni yangu shauri hilo ni baya, na yatupasa kuliacha.

Kwanza tujue kilichoharibika. Mashine zetu hutumia Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na sisi tusemao Kirundi hatuhitaji kufasiriwa jina hilo. Ndani yake mna Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Ufini. Mfumo huu huamka kwa zamu. Linux hutangulia, programu nyingine hufuata, na karibu na mwisho huja GDM, ambayo kazi yake ni kuchora ukurasa wa kuingilia. GDM ikianguka, mara nyingi zile zilizotangulia zingali kazini. Ni mlango tu uliokwama, na nyumba ingali imesimama.

Wavuvi wa hapa Rumonge wangetucheka. Injini ikikataa kuwaka jioni, hawaizamishi mashua. Hutazama petroli, hutazama plagi, hutazama kama wavu umejisokota chini.

Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukitokea ukurasa wa maandishi matupu unaouliza jina lako, jua kwamba mashine ni hai. Ingia, kisha andika df -h ili uone nafasi ya diski. Ikiwa imefika 100%, umempata mshitakiwa wa kwanza, kwa maana diski iliyojaa filamu na nyimbo huinyima GDM hata mahali pa kuandika mafaili yake madogo. Kama nafasi ipo, andika journalctl -b, usome yaliyotukia tangu mashine kuwashwa. Ikiwa shida ilianza baada ya programu kusasishwa, huenda kiendeshi cha kadi ya picha hakipatani na Linux mpya. Hapo yafaa kuwasha tena na kuchagua Linux ya zamani katika orodha ya mwanzo. Chanzo kikiisha kuondolewa, sudo systemctl restart gdm huita ukurasa urudi.

Wako watakaosema kwamba ni hatari kuwapa wanafunzi neno la siri la msimamizi. Wasema kweli. Lakini kutazama nafasi ya diski hakuhitaji neno hilo. Mwanafunzi achunguze na kueleza alichokiona. Mwalimu aandike neno la siri na kurekebisha.

Tukumbuke pia hasara. Diski ikifutwa, haichagui: insha, hesabu na ripoti za mwaka mzima hupotea pamoja na hizo filamu. Tena kumngoja fundi kutoka Bujumbura, mwendo wa kilometa zaidi ya 70, ni siku za masomo zilizopotea, na nauli juu yake. Na hata ikiwa hapana budi kufuta, kazi za wenzetu zaweza kunakiliwa kwanza kwenye flashi kupitia ukurasa ule ule wa maandishi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wetu watupe saa moja kila muhula tujifunze ukurasa huo. Na pawekwe daftari chumbani, iandikwe tarehe, kilichoonekana na kilichofanywa, ili watakaotufuata wasianze gizani. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa na mikono ya watu, mikono ya watu yaweza kukitengeneza.