Elisi Ana Sura Gani?

Leo nataka tuongee juu ya picha za vitabu vya watoto. Msicheke, akina baba. Jambo hili ni zito kuliko mnavyodhani, hasa ninyi mlio na watoto wanaoshika kalamu.

Wengi mmesikia habari za yule msichana aliyemfuata sungura mweupe mwenye saa, akatumbukia shimoni hata akafika nchi ya ajabu. Mtungaji wake ni Mwingereza, Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford, aliyejiita Lewis Carroll kitabuni. Tarehe 4 Julai 1862 alikuwa mashuani pamoja na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, akawasimulia hadithi hiyo. Mmoja wao, Alice, akamwomba amwandikie. Basi akaiandika kwa mkono wake, akachora mwenyewe picha 37, akampa mtoto mwaka 1864. Daftari lile lingalipo London, katika British Library.

Ila kuchora kwake hakukuwa kwa fundi. Kitabu kilipotakiwa kupigwa chapa, alimwendea John Tenniel, mchoraji mashuhuri wa gazeti la Punch, akamlipa pauni 138 kutoka mfukoni mwake kwa picha 42. Bwana Tenniel alikuwa na jicho moja tu linaloona, maana la pili liliumia katika ujana wake alipokuwa akicheza upanga na baba yake. Walakini jicho lile moja lilikuwa kali! Mwaka 1865 vilipigwa chapa vitabu 2,000, naye akavikataa kwa kuwa picha hazikutoka vizuri. Kazi ikarudiwa yote.

Sasa tazameni jambo hili. Katika hadithi nzima mtungaji hasemi nguo ya Alice ni ya rangi gani, wala sura yake hasa ikoje. Alice wa kweli alikuwa na nywele nyeusi fupi. Tenniel akampa msichana wake nywele ndefu nyeupe-nyeupe, na dunia nzima ikakubali. Katika kitabu cha rangi cha mwaka 1890 gauni lake ni la manjano. Ikaja sinema ya Walt Disney mwaka 1951, gauni likawa la buluu, na leo mtoto yeyote aliyeiona atakuapia kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Mchoraji mwema, lakini, husoma kwanza. Yule Mtengeneza Kofia anasema mahakamani kwamba kofia zake ni za kuuza, yeye hana yake. Ndipo Tenniel akambandikia kwenye kofia kikaratasi cha bei, shilingi 10 na peni 6. Bei haimo katika maneno ya hadithi, walakini imetoka humo humo.

Mwaka 1907 haki ya kitabu iliisha Uingereza, wachoraji wakakivamia kama kuku penye mtama: Arthur Rackham mwaka ule ule, Tove Jansson wa Finland mwaka 1966, na Salvador Dalí wa Hispania mwaka 1969, ambaye Alice wake ni kama kivuli kidogo kinachoruka kamba.

Nasi hatukusahauliwa. Mwaka 1940 kilitoka London kitabu cha Kiswahili, *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, na Elisi huyo amechorwa msichana wa Kiafrika. Ni jambo la kufurahia. Walakini picha zile zilifuata mpango wa Tenniel, na kwa maoni yangu kumbadilisha mtu rangi ni nusu ya kazi tu. Huko Australia mwaka 1975 walikwenda mbali zaidi: hadithi iliingizwa katika lugha ya Wapitjantjatjara, wenyeji wa nchi ile, na sungura akawa kangaruu mweupe. Mwaka 1992 kikatoka tena, safari hii kwa picha za Donna Leslie, naye ni wa wenyeji wa Australia.

Kwa nini nawasumbua na hayo? Kwa sababu binti mmoja wa jirani, wa darasa la tano, alinionyesha picha ya hadithi aliyosimuliwa na bibi yake, hadithi ya kwetu kabisa. Watu wote aliwachora na nywele za manjano. Nikamwuliza, mbona hivi, mwanangu? Akajibu, "Watu wa vitabuni ndivyo walivyo." Hakuwa anatania. Nilikaa na neno lile siku nzima.

Basi, wazazi, msiwaonyeshe kwanza picha ya mwingine. Someni hadithi kwa sauti, kisha waulizeni watoto: huyu anakaa wapi? Anavaa nini? Anabeba nini? Kila mtu wa hadithi apewe alama moja isiyobadilika, kofia au kikapu, ili ajulikane hata akichorwa mara kumi. Maana Alice hurefuka na kufupika mara nyingi, na bila alama atapotea. Mkaa wa jikoni na karatasi ya sukari vyatosha.

Na anayetaka kazi ngumu iko moja. Katika kitabu cha pili, kilichotoka mwishoni mwa 1871, mlikuwa na Nyigu mzee aliyevaa nywele za bandia. Tenniel alimwandikia Dodgson kwamba nyigu wa namna hiyo hachoreki, na sehemu ile ikatolewa. Maneno yake yalipatikana tena mwaka 1974, yakapigwa chapa 1977. Tenniel alishindwa, au hakutaka. Mwenye mtoto hodari na ampe Nyigu huyo.